Kongamano la Muziki wa Kiarabu la Cairo, 1932: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Wapenzi wa taarabu wanapozungumzia asili yake, aghalabu hurejea kisa cha Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye husimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole. Kisichotajwa sana ni kwamba katika nchi hiyo hiyo, mjini Cairo, mwaka 1932, wataalamu wa muziki kutoka nchi za Kiarabu, Uturuki na Ulaya walikaa pamoja kwa takribani wiki tatu, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, wakaupima, wakaujadili na kuurekodi muziki wa eneo zima. Kongamano hilo likitajwa, hutajwa pamoja na dhana potofu ambazo hata walimu wa muziki huzirudia, na kila zinaporudiwa wanafunzi hupoteza sehemu ya historia inayowahusu.

Wapo wanaodhani kwamba lilikuwa tamasha la kifalme lililopambwa kwa jina la elimu. Ni kweli kwamba liliitishwa chini ya himaya ya Mfalme Fuad wa Kwanza wa Misri, na ni kweli pia kwamba makundi ya wanamuziki yalitumbuiza. Hata hivyo, shughuli yenyewe ilifanyika katika kamati saba, zikiwemo za maqam (mipangilio ya sauti ambayo nyimbo za Kiarabu hujengwa juu yake) na mapigo, ngazi ya sauti, ala, kurekodi, elimu ya muziki, na historia pamoja na hati za kale. Kamati hii ya mwisho iliongozwa na Henry George Farmer, mtafiti kutoka Uingereza aliyekuwa amezama katika maandishi ya Kiarabu kuhusu muziki. Kazi za kamati zilichapishwa kwa Kiarabu mwaka 1933 na kwa Kifaransa mwaka uliofuata, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusoma nani alisema nini.

Dhana nyingine, ambayo ina madhara zaidi, inasema kwamba Wazungu walikwenda Cairo kuwafundisha Waarabu muziki wa kisasa, na wenyeji wakasimama kuutetea muziki wao wa jadi. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Watafiti kadhaa mashuhuri wa Ulaya, akiwemo Curt Sachs aliyeshughulikia ala na Robert Lachmann aliyesimamia kurekodi, walisihi kwamba piano na ala nyingine za Ulaya zisiingizwe, kwa kuhofia kwamba zingeufuta ule utofauti wa sauti waliokuja kuusikiliza. Wamisri wengi waliokuwamo ndio waliotaka mabadiliko: walitaka ala zenye sauti pana, walitaka muziki uandikwe na kufundishwa darasani, na piano zilizotengenezwa ili zitoe robo za toni, yaani nafasi zilizo nusu ya zile fupi kabisa za piano ya kawaida, zilikwisha kuletwa mbele ya wajumbe. Si Wazungu wote waliokuwa upande mmoja, kwani Alois Hába, mtunzi kutoka Chekoslovakia ambaye mwenyewe alitunga kwa robo za toni, aliunga mkono mwelekeo huo mpya.

Siwezi kuwabeza Wamisri hao, ingawa ninafurahi kwamba kanuni na udi havikuondolewa jukwaani. Walikuwa wanamuziki wanaoishi kwa kazi yao, wenye wasikilizaji wanaobadilika, na walikuwa na haki ya kutaka kuamua wenyewe kesho ya muziki wao badala ya kugeuzwa kumbukumbu ya watu wengine. Wazo la kongamano lenyewe lilikuwa na mizizi mchanganyiko. Baron Rodolphe d'Erlanger, aliyelipendekeza, alikuwa ameweka makazi yake Sidi Bou Said nchini Tunisia na kufanya utafiti pamoja na wajuzi wa Kiarabu, akiwemo Sheikh Ali al-Darwish wa Aleppo. Maradhi yalimzuia kuhudhuria, akafariki Oktoba mwaka huo huo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kongamano la Cairo liliamua kuwa oktava ya muziki wa Kiarabu, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina hilo hilo iliyo juu yake, ina sehemu 24 zilizo sawa. Kauli hii hukaririwa kana kwamba ni sheria iliyopitishwa kwa kura, ilhali muafaka haukupatikana. Mgawanyo huo ulikuwa umejulikana kabla ya hapo. Mikhail Mishaqa, mwanazuoni mzaliwa wa Lebanon, aliueleza katika karne ya 19, na wengi waliupenda kwa sababu unarahisisha kuandika muziki na kutengeneza ala. Katika kamati ya ngazi ya sauti, vipimo na masikio ya wanamuziki vilikataa kulingana na hesabu hiyo. Rauf Yekta, mtaalamu wa Kituruki, naye alikuwa na hesabu yake ya nafasi 24, lakini zisizo sawa, na hakukubali mgawanyo wa sawa kwa sawa.

Anayetaka kuelewa kwa nini walishindwa kupatana na amkaribie mpiga udi na kumwangalia mkono wa kushoto. Shingo ya udi ni laini, haina vizuizi vya kukionyesha kidole mahali pa kukanyaga uzi, kwa hiyo kidole hutafuta kwa sikio. Sauti iitwayo sika, ambayo hukaa kati ya noti ya mi (katika do, re, mi) na mi iliyoshushwa, ina jina moja tu, lakini haina mahali pamoja. Mpigaji akiwa katika maqam Rast, kidole hukanyaga juu kidogo. Akihamia Bayati, kidole hicho hicho hurudi nyuma kuelekea kichwa cha udi kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ila sikio lililozoea hulalamika kisipofanya hivyo. Juu ya hayo, sika ya mpigaji wa Syria huelekea kuwa juu kuliko ya mpigaji wa Misri. Hesabu ya sehemu 24 zilizo sawa huipa sika mahali pamoja tu, na hapo ndipo inapomkosa mwanamuziki. Kwa maoni yangu, kule kutokubaliana ndiko matunda makubwa ya kitaalamu ya kongamano zima, kwa sababu kulionyesha kwamba nadharia iliyozoeleka ni ramani ya kufundishia na si muziki wenyewe, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba Cairo ililimaliza suala hili anawanyima sehemu nzuri zaidi ya kisa.

Kuna pia wanaoamini kwamba ulimwengu wote wa muziki wenye asili ya Kiarabu uliwakilishwa pale. Makundi yalitoka Misri, Iraq, Syria, Tunisia, Algeria na Morocco. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na kundi, ingawa klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilikuwa imeanzishwa Zanzibar tangu 1905, na ingawa kampuni ya santuri ya HMV, ambayo ndiyo iliyorekodi kongamano, ilikuwa imekwisha kumrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, akiimba kwa Kiswahili. Taarabu ilikuwa hai, ina wapigaji wake na santuri zake, lakini haikuwa na kiti. Eneo letu lilikuja kupata mikutano yake ya utafiti baadaye sana; Novemba 2009, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Makerere kiliandaa kongamano la kimataifa la ethnomusikolojia, yaani utafiti wa muziki ndani ya jamii zake, jijini Kampala, na sehemu ya mawasilisho yake ikatolewa kama kitabu mwaka 2012.

La mwisho ni lile lalamiko kwamba wajumbe walibishana, wakala karamu, wakaondoka pasipo kuacha kitu. Waliacha sahani zaidi ya 150 za santuri. Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria ambaye mwaka 1913 alikwenda mwenyewe Biskra, Algeria, kurekodi muziki wa wanavijiji, alikuwa mmoja wa wajumbe wa kamati iliyosimamia kazi hiyo. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu au nne tu, na nuba ya Maghreb, yaani mfululizo mrefu wa nyimbo na mapigo, inayoweza kuendelea kwa saa nzima na zaidi ililazimika kukatwa vipande, kila kimoja kikimalizika pale sindano ilipofika mwisho wa mfereji. Hata hivyo, humo mnasikika waimbaji wa mjini na watu wa tariqa, ngoma za zar (za kupunga pepo) na nyimbo za ibada za Kanisa la Kikopti, sauti ambazo kampuni za biashara zisingejishughulisha nazo. Mwaka 2015 rekodi hizo zilitolewa upya katika seti ya CD 18, na sasa anayezitafuta anaweza kuzisikia.

Ningependa wapenzi wa taarabu waanze na kundi la Iraq. Mwimbaji ni Muhammad al-Qubbanji, Mwislamu wa Baghdad, na karibu wapigaji wote walio nyuma yake ni Wayahudi wa mji huo huo, akiwemo mpiga udi Azuri Harun na mpiga kanuni Yusuf Za'rur. Al-Qubbanji anavuta neno, kanuni inalipokea kabla halijazimika, udi unajibu kwa chini, na hakuna anayemwahi mwenzake. Miaka miwili baada ya kongamano Azuri Harun alihamia Jerusalem, na kufikia 1951 Wayahudi walio wengi wa Iraq walikuwa wameihama nchi.