Umestaafu au umefiwa, asubuhi unaamkia nini?

Nilikuwa mwalimu huku Newala, nimestaafu mwaka jana na miaka 60. Naamka saa kumi na moja kama zamani, navaa, halafu nakaa barazani mpaka jioni. Huu ni ugonjwa?

Shikamoo mwalimu. Kwa hayo tu uliyosema, bado sio ugonjwa. Kazi haikua mshahara peke yake, ilikua inakupangia siku, inakupa jina la kuitwa, na kubwa kuliko yote kila asubuhi kuna watoto wanakusubiri. Ulipofika umri wa kustaafu mshahara ukageuka pensheni lakini hao wa kukusubiri hakuna aliyekuletea wengine. Ndo maana mimi wastaafu siwaulizi watafungua biashara gani, nawauliza kesho nani anakusubiri? Anza na wachache tu, hata watoto watatu wa jirani uwasomeshe hesabu Jumanne na Alhamisi saa kumi, au chama cha msingi cha ushirika msimu wa korosho uwasaidie wakulima kusoma karatasi zao za malipo. Saa na siku zijulikane, ili usipotokea mtu aulize mwalimu yuko wapi. Na nakuomba sana, kiinua mgongo usikimwage chote kwenye mradi miezi hii ya mwanzo kwa sababu tu ukimya unakuuma.

Mume wangu alifariki, eda imeisha, watu hawaji tena. Nikicheka najiona namsaliti.

Pole sana mama yangu. Hujamsaliti hata kidogo. Ile miezi minne na siku kumi unakua na utaratibu, ndugu wanaingia na kutoka, halafu ghafla kimya, na wengi msiba ndo wanauonja hapo. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huwa anaenda na kurudi, leo umeshika kanzu yake unalia, kesho unahangaika na mambo ambayo zamani alikua anayafanya yeye, na pande zote mbili zinahitajika. Kwahiyo kaa na wenzio mbangue korosho, cheka, ukirudi ndani ukalia sawa tu. Kama mikorosho alikua anaisimamia yeye, muulize mtu akuonyeshe kupulizia salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, siku mzigo wa korosho unapokelewa kwa jina lako utakua umemkumbuka na umesimama mwenyewe.

Nitajuaje sasa imekua ugonjwa?

Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo mzito, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, hata mjukuu akija hufurahi, hiyo inaweza kua sonona na inatibika. Kwa mfiwa, ikizidi miezi sita na uchungu bado umekushika hivyohivyo huwezi kufanya chochote, pia kamuone mtaalamu. Anza zahanati, sema wazi sio "mwili unauma" tu, wakiona inabidi watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Mtwara ni Ligula, Lindi ni Sokoine. Ila yakija mawazo ya kujiua usisubiri kesho, mwambie mtu saa hiyohiyo na asikuache peke yako mpaka mfike hospitali.

Baba tangu mama afariki anakunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, ndo alale. Tumkataze?

Pole kaka. Pombe inamlaza haraka ila usiku wa manane inamwamsha, na huzuni inarudi kali zaidi. Ukimfokea atajificha, bora jioni mtu akae nae wamzungumzie mama. Kama anakunywa kila siku na akikosa mikono inatetemeka, asiache ghafla mwenyewe, mpelekeni kituo cha afya kwanza.