Wapangaji wa nyumba za ua Mji Mkongwe, anzeni na maji

Nyumba nyingi za ghorofa za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa ili akae tajiri mmoja na jamaa zake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyingi zilitaifishwa, wakaingia wapangaji chumba kwa chumba. Leo kila mtu ana ufunguo wake, lakini ua hauna mwenyewe, na nyumba huanza kuharibikia hapo.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji kisha huyatoa kwa upepo. Ndiyo maana ua uliachwa wazi juu: unaleta mwanga, unatoa joto na kukausha kuta za ndani. Mtu akiezeka bati uani apate jiko, vyumba vyote vinavyouzunguka vinaanza kunuka unyevu, na hapo lawama anatupiwa jirani wa juu.

Saruji nayo hutumika kwa nia njema kabisa. Lipu ikidondoka, fundi huja na mfuko mmoja na kazi inaisha siku hiyohiyo. Lakini saruji huuziba ukuta. Maji yanayopanda kutoka chini yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na misimu michache baadaye lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Wakati huohuo vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuviona.

Rangi mpya isikudanganye. Gonga ukuta kwa kidole: ukilia kama mtupu, lipu imeshaachana na jiwe. Kisha tazama sakafu ya juu inapokutana na ukuta. Ikiwa imezama, au unga wa mbao unadondoka palepale kila siku, hamisha vitu vizito na umwite mtaalamu kabla hujamwita fundi. Beit al-Ajaib, jumba la kisultani la hapahapa Mji Mkongwe lililojengwa 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji. Kuliweka ghorofani ni kuitwisha boriti mzigo usiokuwepo nyumba ilipojengwa. Likae uani, kwenye msingi wake, mbali na ukuta. Kabla ya masika changishaneni, msafishe mlizamu wa paa na mchirizi wa uani. Hakuna matengenezo ya bei nafuu kushinda hayo.

Nyumba iwe ya serikali, ya wakfu au ya mtu binafsi, mwandikieni mwenyewe kwa pamoja, mkiambatanisha picha zenye tarehe. Barua ya wapangaji sita haipotei kirahisi kama malalamiko ya mlangoni. Na kabla ya kuongeza ukuta, kubadili dirisha au kung'oa mlango, ombeni kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Tangu 2000 mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, lakini hata nyumba isiyo na mlango wa nakshi inahitaji kibali hicho.

Lipu ya chokaa hutaka wiki kadhaa ikomae, ikinyunyiziwa maji isikauke ghafla. Pangeni kazi wakati wa kipupwe, mkubaliane mapema nani atamhifadhi nani chumba chake kikiwa kwenye matengenezo.