"Nimeicheza mwenyewe, haina kosa": dhana potofu kuhusu kuhariri hadithi shirikishi

Waandishi wanaoniletea hadithi shirikishi, yaani zile ambazo msomaji huamua mhusika afanye nini, niwaharirie hapa Arusha, wengine wakipanda basi kutoka Moshi, huanza na maneno yaleyale: "Dada, nimeshaicheza mwenyewe mpaka mwisho, haina kosa." Nimeyasikia mno. Nayajibu leo, pamoja na mengine yanayofuatana nayo.

"Nimeicheza mwenyewe, haina kosa"

Umeicheza njia moja, ile unayoipenda. Hadithi yenye maamuzi 10, kila moja likiwa na machaguo mawili na yote yakikumbukwa, ina njia 1,024. Maamuzi yakifika 20, njia zinapita milioni moja. Hakuna binadamu wa kuzimaliza, na mwandishi ndiye hafai kabisa kuzijaribu, kwa sababu kidole chake kinajua pa kubonyeza. Hata akijilazimisha kukosea, hukosea pale alipokwisha kupatengeneza.

Chukua mfano huu. Mhusika yuko Soko la Kilombero hapa Arusha, giza linaingia, anataka kwenda Kijenge kwa miguu. Ukurasa mmoja unamuuliza: utamwachia fundi simu akuchajie, au utaondoka nayo hivyohivyo? Msomaji anaiacha. Kurasa chache mbele, akikaribia daraja la Mto Themi, anasoma: "Unatoa simu mfukoni, unamulika njia." Simu ipi? Mwandishi aliandika ukurasa wa daraja kabla hajambuni fundi, na kila alipojaribu hadithi yake aliondoka na simu. Twine, programu ya kutungia hadithi hizi, itakuonyesha kiungo kisichofika popote, lakini haitakwambia kwamba simu imebaki Kilombero. Randomtest, jaribio lililomo ndani ya ChoiceScript (lugha nyingine ya kuandikia hadithi hizi), itaicheza hadithi mara maelfu kwa kubahatisha na kukuonyesha inapokwama. Itumie, ni msaada mkubwa. Lakini haisomi. Sentensi ya uongo itaipita bila kushtuka.

Kinachotakiwa ni mtu mwingine, na hapa sibembelezi. Tafuta msomaji ambaye hajawahi kusikia lolote kuhusu hadithi yako. Mpe simu ya kawaida yenye kioo kidogo, siyo kompyuta yako. Kaa pembeni yake na ufunge mdomo. Akiuliza "sasa hapa nifanyeje?", usimjibu, andika jina la ukurasa alipo. Akikunja uso, andika. Akiruka aya nzima ili ayawahi machaguo, andika, kwa maana aya hiyo ni ndefu kuliko subira yake, na yeye ndiye mwenye haki. Kumweleza ulichokusudia ni kupoteza kikao chote, kwa sababu wasomaji wengine hutakuwepo kuwaeleza. Kama umeandika kwa Inform, ambayo msomaji wake huandika amri badala ya kubonyeza machaguo, mwambie aanze kwa kuandika amri ya TRANSCRIPT: kila kitu kitahifadhiwa kwenye faili, na utaziona amri zote alizojaribu ambazo wewe hukuzifikiria. Watu watatu wa namna hii wanakufaa kuliko grupu zima la marafiki wanaokuandikia "kali sana".

"Kiswahili hakina jinsia, kwa hiyo msomaji achague tu awe nani"

"Yeye" ni mmoja, sawa. Lakini mhusika wako ana ndugu. Mtoto wa dada yake atamwita mjomba akiwa mwanaume, mama mdogo akiwa mwanamke. Dada wa mume wake atamwita wifi, dada wa mke wake atamwita shemeji. Ukimpa msomaji uhuru wa kuchagua jinsia, pitia kila mahali anapoitwa na mtu, hata kondakta wa daladala anayemwita "kaka".

Ngeli ndizo zinaumiza zaidi. Mtu anaweka kibadilika, yaani nafasi inayojazwa neno kulingana na chaguo la msomaji, cha kitu alichobeba mhusika, kisha anaandika sentensi moja: "Unatafuta kisu chako, kimepotea." Msomaji aliyechagua panga anasoma "panga chako, kimepotea". Aliyechagua ufunguo anapata "ufunguo chako". Mafunzo ya programu hizi yaliyoandikwa kwa Kiingereza hayawezi kukuonya, kwa sababu Kiingereza hakina shida hii. Usibadilishe neno moja ndani ya sentensi, badilisha sentensi nzima: moja ya kisu, moja ya panga, moja ya ufunguo. Ni kazi, ndiyo. Ila msomaji akikutana na "panga chako" ameshatoka kwenye hadithi, na kumrudisha ni vigumu.

"Naitoa kwanza, makosa nitarekebisha baadaye"

Twine inakupa faili la HTML, na faili likishaingia WhatsApp halirudi. Utarekebisha lako, ila lile lenye kosa litaendelea kuzunguka likiwa na jina lako. Kuhusu faili, jambo moja ambalo halihusu wasomaji: Twine ya kwenye kivinjari hutunza hadithi humo humo kwenye kivinjari. Ukifuta data zake, kazi yako imeondoka nazo. Toa nakala na uiweke mahali pengine kabla ya kila duru ya masahihisho, kila duru, bila kusubiri kuambiwa.

"Miisho mingi ndiyo ubora"

Hapana. Miisho kumi ambayo saba ni "umekufa, anza upya" ni miisho mitatu. Bakiza ile ambayo msomaji anaifikia kwa sababu ya jambo alilofanya huko nyuma, na mingine kata. Kata kabla hujagusa tahajia wala nukta, maana sioni faida ya kung'arisha ukurasa unaokwenda kutupwa.