Akademi ya mpira siyo kucheza, jamani

Nimechoka. Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa vijana hapa Mbeya, na kila mara naletewa mtoto wa kidato cha pili halali vizuri, kichwa kinamuuma kila Jumatatu, hospitali wamepima hawajaona kitu, nikiuliza anacheza saa ngapi naambiwa "aah mwalimu, huyu mkubwa sasa." Mkubwa wa wapi? Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, na kifungu cha 9 kimeweka mapumziko pamoja na afya, elimu na malazi. Hapo huwa sibishani.

Wanaonikera zaidi ni wazazi wanaokubali haraka kwamba kijana anahitaji kucheza. "Anacheza sana tu, nimemlipia akademi Jumamosi, Jumapili kwaya, jioni tuisheni ya hesabu." Mama, hiyo ni ratiba. Akademi sina ugomvi nayo, mwili unachangamka na nidhamu ipo, ila pale kuna kocha na filimbi, yeye anapanga timu, yeye anaamua faulo. Sasa nenda Isyesye saa kumi na moja jioni kaangalie chandimu, mpira wa mtaani. Refa hakuna, magoli ni kandambili, mtambaa panya wa kufikirika, mpira ukipita juu ya kichwa cha kipa huku wanasema goli huku wanasema imepaa, watapiga kelele weee, mwishowe anatokea mmoja anasema basi pigeni penati yaishe. Hajatumwa na mtu. Ni kwamba wakinuniana mechi inakufa, na hakuna anayetaka ife. Yule bonge wa rafu anapunguza mwenyewe maana akizidisha kesho haitwi, na mwenye mpira akisusa kila siku ipo siku wenzake watachangishana wanunue wao. Kocha akishayamaliza hayo yote kwa filimbi, kijana atajifunzia wapi kumeza hasira?

Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, hivyo hivyo. Hata kukaa ukutani wanapiga stori za kijinga huku wanahangaika na baiskeli isiyotengenezeka, nahesabu kuwa ni kucheza. Simu? Bado najiuliza.

Na zile dakika 60 kwa siku za Shirika la Afya Duniani (WHO) ni za mazoezi ya mwili, msizichanganye na kucheza huru ninakosema hapa, bila mtu mzima kupanga.

Upande wa sayansi niseme ukweli, ushahidi mwingi ni wa watoto wadogo, mwingine wa majaribio ya panya. Peter Gray, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika 2011 kwamba kucheza huru kumepungua huku wasiwasi na sonona kwa vijana vikipanda. Vimeenda sambamba, haijathibitishwa kwamba kimoja kimezaa kingine, na ni Marekani, siyo hapa kwetu Mwanjelwa. Mimi namwamini kwa ninayoyaona ofisini, ila ukinibana nikupe idadi ya masaa sina.

Kwa wasichana ndo nakwama kabisa. Kaka anatoka saa kumi, dada anabaki na vyombo na mdogo mgongoni, akimaliza giza limeingia, mwezi wa saba na baridi yetu hii nani atamruhusu atoke? Na hofu ya mama kumwachia binti barabarani haijatungwa. Kwa sasa nashauri jirani mwenye ua afungue geti, rede haihitaji uwanja mkubwa, na kaka aoshe vyombo. Mzazi mmoja akaniambia kaka hawezi. Anaweza bwana, mikono anayo.