"Bei njoo inboksi": hapo ndipo mteja anapopotelea

Mwezi uliopita dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, anayeuza viatu vya kike alinikabidhi simu yake. "Dada, nifundishe kubusti vizuri. Watu wananiona ila hawanunui." Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, kukaa na wauzaji wadogo wa mtandaoni na kupekua biashara zao, baada ya miaka sita ya kuchukua mzigo Kariakoo mwenyewe na kuuuzia Instagram na WhatsApp. Kabla ya kugusa habari za kubusti, yaani kulipia tangazo, nikafungua posti yake ya mwisho. Sendo nyeusi, picha safi, mwanga wa dirishani. Chini yake watu kumi na mmoja wameuliza bei, na wote wamejibiwa kitu kimoja: "Njoo inboksi mpenzi."

Walioitikia wito ni wanne. Mazungumzo ya mmoja wao, kwa ruhusa ya mwenye duka, yalikwenda hivi:

"Mambo, bei ya hiyo sendo?" Saa 3:12 asubuhi.
"Poa mpenzi, ipi?" Saa 7:40 mchana.
"Nyeusi."
"28,000."
"39 ipo?"
"Ngoja nicheki."

Saa 2 usiku akaandikiwa "Ipo." Hakujibu tena. Huyu hakuhitaji kubustiwa. Alikuwa ameshafungua pochi, akasubiri, akaifunga.

Wauzaji wana sababu zao za kuficha bei. Wengi huniambia wanawaogopa wapinzani, kana kwamba jirani yako wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hajui ulichukua jumla kwa shilingi ngapi. Sababu ambayo hawaisemi ni kwamba wana bei ya mteja wa Masaki, kwa wenye nazo, na bei ya mteja wa Mbagala, kwa watu wa kawaida. Wateja wanalijua hilo, ndiyo maana mtu akiona "njoo inboksi" anahisi anakwenda kupimwa mfuko. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata kizuri lazima kijitembeze, na kitembee na bei yake shingoni.

Tuliandika upya maneno chini ya picha: "Sendo ya kisigino kifupi, sm 4. Nyeusi na kahawia. Saizi 37 mpaka 41. Sh 28,000. Tupo Tabata. Dar tunaleta kwa boda, nauli yako. Mikoani tunapakia basi." Hakuna ushairi hapo, ila maswali matano ya kwanza ya mteja yameshajibiwa, na atakayekuja kukuandikia anakuja kununua.

Swali la sita ndilo gumu, nalo ni saizi ipi itamkaa. Viatu vingi vinavyorudi, kwa uzoefu wangu, vinarudi kwa sababu ya saizi, na kila kinachorudi kimelipiwa boda mara mbili. Usimuulize mteja "unavaa namba ngapi?" Atakutajia namba ya kiatu anachokipenda, na 38 ya kiwanda hiki si 38 ya kile. Mwambie akanyage karatasi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa mizunguko ya siku, achore kuuzunguka kwa kalamu iliyosimama wima, apime kwa rula kutoka kisiginoni hadi kwenye kidole kirefu zaidi. Kwa wastani sentimita 24 inaangukia 38, na 25 inakaribia 40. Wewe nawe pima ndani ya kila kiatu unachouza, usiamini namba iliyogongwa kwenye soli. Maelezo hayo yaandike mara moja tu. WhatsApp Business ina majibu ya haraka: unayahifadhi, kisha mteja akiuliza unaandika mkwaju na neno ulilochagua, kwa mfano /saizi, na maandishi yote yanakuja. Dada wa Tabata alikuwa na programu hiyo mwaka mzima akiitumia kama WhatsApp ya kawaida. Hata zile lebo, za mteja mpya na za malipo yanayosubiriwa, hakuwahi kuzigusa. Maoda aliyashika kichwani, pamoja na kisukari cha mama yake na ada ya watoto.

Halafu kuna uaminifu. Mtu wa Mwanza anapokutumia hela kabla hajaona kiatu, amekufanyia jambo kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu ameshatapeliwa, au ndugu yake ameshatapeliwa. Kwa hiyo chukua Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, yenye jina la biashara. Mtu anayetaka kununua "Viatu vya Tabata" akaona jina la shemeji yako anasita, na ana haki. Mzigo ukishapakiwa stendi ya mabasi ya Mbezi, piga picha risiti ya ofisi ya basi, namba za gari, na mzigo wenyewe ukiwa umeandikwa jina lake, mtumie zote kabla hajauliza. Mimi wateja wangu wa mikoani waliojirudia walianzia kwenye picha ile ya risiti, si kwenye picha ya kiatu.

Na wewe pia jilinde. Mwaka wangu wa kwanza nilimkabidhi boda pea mbili baada ya kutumiwa picha ya skrini inayoonyesha malipo. Picha ilikuwa nzuri sana. Hela haikuwepo. Tangu siku hiyo, awe mchungaji au mama mkwe, napiga *150*00# naangalia salio la M-Pesa kwanza, ndipo boda anawasha pikipiki.

Jambo jingine dogo: acheni kuposti meseji za malipo za wateja kama ushahidi kwamba mnauza. Jina na namba ya simu ya mtu viko pale, wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mama wa watu hakukutuma umtangaze. Muombe ruhusa, ufute jina na namba.

Sasa hilo la kubusti. Tulikaa na daftari. Kiatu kachukua jumla 18,000, anauza 28,000, anaona faida ni 10,000. Lakini kabla hatujabadilisha maneno alikuwa akiandika "delivari bure", na boda wake wa wastani ni 5,000. Tangazo la mwisho alilipia 40,000, likamletea wanunuzi kumi na sita, yaani 2,500 kila kiatu. Imebaki 2,500, na hapo bado mfuko, bando na ada za miamala. Pea moja ikirudi, boda mara mbili, imekula faida ya pea nne. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyemwibia. Tangazo linajaza watu mlangoni tu. Kama kila kiatu kinatoka na faida ya soda, ukiongeza watu unaongeza uchovu.

Wateja wa bei rahisi kuliko wote ni wale ambao wameshanunua kwako. Siku ya tatu baada ya mzigo kufika, muulize: "Vimekukaa?" Sio "karibu tena mpenzi". Akisema vimembana, umejua jambo kuhusu kiatu kile. Akisema vizuri, mwombe aihifadhi namba yako, kwa sababu brodikasti ya WhatsApp inawafikia tu waliokuhifadhi kwenye simu zao, na orodha moja inabeba watu 256. Hao 256 waliowahi kukulipa mimi siwabadilishi kwa folowa elfu ishirini.

Kabla sijaondoka Tabata nilimwambia amwandikie tena yule wa sendo nyeusi, aombe radhi kwa kuchelewa, basi. Jibu likaja tukiwa tunakunywa chai: "Nilishanunua kwingine dada. Kahawia ipo?"

Akaanza kuandika "Ngoja nich..." Akanitazama, akafuta, akanyanyuka kwenda kwenye maboksi.

"Ipo, 39, ndani ina sm 25. 28,000. Boda yupo hapa nje."