Ripota ana mtu wake moyoni, sawa, ila habari inapindia wapi hasa?

Mnakumbuka Agosti 2022 Kenya? Kura za urais zimepigwa tarehe 9, halafu unabonyeza rimoti chaneli hii Raila yuko mbele, ingine Ruto ndio anaongoza, saa ileile, na kila kijiwe kikapata mtaalam wake, "hao si mnajua ni watu wa nani."

Dhana ni kwamba kila stesheni ilikuwa inampikia mtu wake. Mambo yenyewe yalikuwa ya kuchosha tu. IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka fomu 34A (zile za matokeo ya kila kituo cha kura) wazi kwenye tovuti, zaidi ya 46,000, sasa kila chumba cha habari kikawa kinazishusha na kujumlisha chenyewe, huyu kaanza na kaunti hizi, yule zile, hesabu zitafanana vipi? Na mwishowe ilikuwa asilimia 50.49 za Ruto kwa 48.85 za Raila, mbio za kubanana hivyo ukichelewesha kaunti moja kubwa tu kiongozi anageuka.

Ingine naisikia sana: ripota akiwa na chama basi habari zake zote ni za chama. Marekani walishapima hii. Mwaka 2022 wanahabari waliohojiwa, asilimia 36 walijitaja wa chama cha Democrat na 3.4 tu wa Republican (wengi walisema hawana chama, haya tuwaamini). Ukiona hivyo unasema basi kwisha. Lakini kuna watafiti walitoa matokeo 2020, waliwaandikia maelfu ya waandishi wa siasa baruapepe za mgombea wa kubuni, mara mhafidhina mara wa mrengo wa kushoto, wakaangalia nani anajibiwa akiomba kuandikwa, na tofauti ya maana hawakuiona. Hiyo ni kuchagua nani aandikwe lakini, namna ya kumwandika ni mambo mengine.

Halafu tunamkazania ripota macho, mwenye gazeti tunamruka. Kampuni ya gazeti la Standard imehusishwa miaka na miaka na familia ya Moi, Mediamax wenye televisheni ya K24 na familia ya Kenyatta, na serikali nayo ni mteja mkubwa wa matangazo, ikibana matangazo mishahara inachelewa. Januari 30, 2018 Raila anajiapisha "rais wa wananchi" Uhuru Park, serikali ikazima televisheni za NTV, KTN na Citizen, na aliyezizima hakuuliza ripota alimpigia nani kura.

Wengine sasa wanaruka upande wa pili, eti maoni ya mwandishi hayafiki popote. Yanafika bwana, tena kwa vitu vidogo mpaka mwenyewe hajui. Mgombea wako "amesema", yule mwingine "amedai". Huyu picha anacheka na akina mama sokoni, yule kashikwa mdomo wazi anapiga chafya. Mkutano wa huyu "umefurika", wa yule "watu walijitokeza", na ukienda kuuliza wote wawili walijaza uwanja uleule wiki moja.