Kuchora ramani nyumbani sio lazima AutoCAD ya kukraki

Wengi wanaamini ukitaka kuchora ramani ya nyumba au kipuri cha mashine kwenye kompyuta ya nyumbani basi ni programu ya AutoCAD ya kampuni ya Autodesk tu, na kwa vile leseni yake ni ya kulipia kila mwezi au mwaka na bei imesimama, wanaishia kutafuta ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni, na kuzima antivirasi ili ikubali kuingia. Hapo umewafungulia virusi mlango mwenyewe.

Sasa fundi wa saiti mara nyingi anachotaka ni PDF yenye vipimo sahihi, hana habari umechorea nini. Kwa michoro ya 2D programu ya LibreCAD inatosha kabisa, ni ya bure, haina leseni ya kuisha, na ni nyepesi hata kwa laptopu ya kizamani. Unavuta mstari wa ukuta, unaandika 3600 ukimaanisha milimita, leya (tabaka la mchoro) ya kuta huku, ya umeme kule, kazi inaenda. Ukitaka 3D ipo FreeCAD, nayo bure, ila kuizoea ni shughuli, usije ukasema hukuambiwa.

Pa kusumbua ni mafaili ya DWG, aina ya faili ya AutoCAD yenyewe, maana LibreCAD inasevu DXF, aina nyingine ya faili ya michoro, ila DWG za watu wakati mwingine inagoma kuzisoma. Mwambie mwenzio akutumie DXF, AutoCAD inaitoa bila shida, au pitisha faili kwenye ODA File Converter, programu ya kugeuza DWG kuwa DXF. Na kama we mwanafunzi, Autodesk wanatoa AutoCAD halali bure, wanataka tu uthibitishe unasoma.